Kufuli la Katiba linalozozaniwa Kinshasa linalinda pia komini ya Kasungami

Mjadala wa kubadilisha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umegeuka kuwa mjadala wa mtu mmoja. Tangu Rais Félix Tshisekedi atangaze mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuangalia upya Katiba, na kulirudia jambo hilo mbele ya wakazi wa Lubumbashi mwezi uliofuata, swali linaloulizwa kila mahali ni lile lile: je, rais anatafuta muhula wa tatu?

Swali hilo ni zito. Lakini katika mtaa wa Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, kuna swali jingine ambalo halipati nafasi redioni wala kwenye mikutano ya vyama. Nani hasa anamsemea mkazi wa huko pale sheria inapotungwa, pale bajeti inapogawanywa, na pale barabara ya mtaa inapogeuka potopoto kila msimu wa mvua? Na je, Katiba mpya, au Katiba ya sasa ikirekebishwa, itamsogeza karibu na mamlaka au itamsukuma mbali zaidi?

Jibu la sehemu ya pili limo ndani ya kifungu cha 220, kile kile ambacho wanasiasa wanakigombania. Wengi wanakijua kama kufuli la mihula miwili ya rais. Wachache hukisoma hadi mwisho. Aya yake ya mwisho inakataza mabadiliko yoyote ya Katiba yanayolenga kupunguza haki na uhuru wa raia, au kupunguza madaraka ya majimbo na ya maeneo ya utawala yaliyogatuliwa. Komini ya Annexe, ambamo Kasungami imo, ni mojawapo ya maeneo hayo.

Kwa maneno mengine, kufuli linalomzuia rais kuongeza mihula ndilo linalozuia pia serikali kuu kuinyang'anya komini kile kidogo ilichopewa na sheria. Anayelivunja kwa sababu moja anafungua mlango kwa zote mbili.

Kura inayopita mikono mingi

Kasungami ni mtaa, na mtaa si eneo lililogatuliwa. Kifungu cha 3 cha Katiba kinataja maeneo manne tu yenye hadhi hiyo chini ya jimbo: mji, komini, sekta na uchifu. Mtaa hauna baraza la kuchaguliwa wala bajeti yake. Kiongozi wake huteuliwa. Chombo cha kwanza cha kuchaguliwa kinachoweza kujadili shida za Kasungami ni baraza la komini ya Annexe, komini kubwa inayozizunguka nyingine sita za Lubumbashi: Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya na Ruashi.

Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura wa Kasungami alipewa nafasi ya kuchagua watu wa ngazi nne kwa siku moja: rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komini. Kura ya diwani ilifanyika kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, na ilihusu komini za miji mikuu ya majimbo tu. Kwa karibu miaka 18 tangu Katiba itangazwe tarehe 18 Februari 2006, komini za Lubumbashi zilikuwa zimeongozwa na watu walioteuliwa kutoka juu.

Baada ya siku hiyo, mpiga kura hana tena kazi. Kinachofuata hufanywa na wale aliowachagua. Madiwani wa komini huchagua mkuu wa komini. Madiwani hao hao huchagua madiwani wa mji, na madiwani wa mji ndio humchagua meya. Wabunge wa jimbo huchagua gavana, na huchagua pia maseneta wanne wa jimbo. Kwa hiyo kura ya mkazi wa Kasungami, hata kama kila hatua ikifuatwa kama sheria inavyosema, humfikia meya wa Lubumbashi ikiwa imepita mikono miwili, na humfikia gavana na seneta ikiwa imepita mkono mmoja.

Katika utekelezaji, mnyororo huo haukwenda kwa mwendo uliopangwa. Magavana na maseneta walichaguliwa mwaka 2024. Hatua za chini, zile za madiwani wa mji, wakuu wa komini na mameya, zilicheleweshwa. Yaani sehemu ya mnyororo iliyo karibu zaidi na mwananchi ndiyo iliyongojeshwa kwa muda mrefu zaidi.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Kwa uchaguzi wa wabunge wa taifa, mji mzima wa Lubumbashi ni jimbo moja la uchaguzi. Hakuna mbunge wa Kasungami, wala wa Annexe. Mgombea anaweza kupata kiti kwa kura za Kamalondo na Kenya bila kukanyaga Kasungami hata mara moja. Hata madiwani huchaguliwa kwa komini nzima, si kwa mtaa. Tena kifungu cha 101 cha Katiba kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa lote, na kwamba maagizo ya kumfunga kwa wapiga kura wake ni batili. Mkazi akitaka kumwuliza "mbunge wake" kuhusu mfereji uliobomoka, kisheria hana mbunge wa kumwuliza.

Kuna pia kizingiti. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwishoni mwa mwaka 2017 iliweka kiwango cha chini cha kura ambacho orodha ya wagombea lazima ikifikie kabla ya kuhesabiwa katika ugawaji wa viti: asilimia 1 ya kura za nchi nzima kwa Bunge la Taifa, asilimia 3 kwa Bunge la Jimbo na asilimia 10 kwa baraza la komini. Lengo lilikuwa kupunguza utitiri wa vyama. Matokeo yake ni kwamba mgombea anayependwa katika mtaa wake, lakini asiye na muungano mkubwa nyuma yake, anaweza kushinda majirani zake wote na bado akakosa kiti.

Watu 25 wanatosha

Wale wanaotaka Katiba ibadilishwe wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa, na ya kwanza ni hii ya uchaguzi wa mikono mingi.

Hakuna Bunge la Jimbo nchini Kongo lenye wajumbe zaidi ya 48. Katika bunge la ukubwa huo, kura 25 zinatosha kumpata gavana. Jimbo la Haut-Katanga, lenye migodi ya shaba na kobalti na lenye mpaka wa Kasumbalesa ambako malori ya madini hupanga foleni kuelekea Zambia, linaweza kupata mkuu wake kwa makubaliano ya watu wanaoweza kuketi ndani ya basi moja dogo. Wapiga kura wanapokuwa wachache na kiti kinapokuwa na thamani kubwa, bei ya kura moja hupanda.

Nchi ililiona hilo mwezi Machi 2019. Katika uchaguzi wa maseneta, muungano wa FCC wa rais mstaafu Joseph Kabila ulizoa viti vingi mno, na chama cha UDPS cha rais mpya kikashindwa hata mahali kilipokuwa na wabunge wa jimbo wa kutosha. Wafuasi wake waliandamana wakidai wabunge wamenunuliwa. Tarehe 18 Machi 2019 Rais Tshisekedi alisimamisha kuapishwa kwa maseneta hao ili mashtaka ya rushwa yachunguzwe. Hatimaye Seneti iliketi. Utaratibu ulioleta tuhuma hizo haukubadilishwa, na maseneta wa mwaka 2024 walichaguliwa kwa njia ile ile.

Hoja ya pili ni ya muda. Uchaguzi ulifanyika Desemba 2023. Waziri Mkuu Judith Suminwa aliteuliwa tarehe 1 Aprili 2024, na serikali yake ilipata kibali cha Bunge la Taifa tarehe 12 Juni. Takriban miezi sita ilipita kati ya kura na serikali. Wanaotaka marekebisho wanasema Katiba iliyotokana na mapatano ya vita, iliyoandikwa ili kila kundi lipate kiti, ni nzito mno kwa nchi inayohitaji maamuzi.

Hoja ya tatu ni ya gharama. Bunge la Taifa lina viti 500. Seneti ina maseneta 108 wa kuchaguliwa, wanne kwa kila jimbo kati ya majimbo 25 na wanane kwa Kinshasa, pamoja na marais wastaafu ambao ni maseneta wa maisha. Juu yao kuna mabunge 26 ya majimbo. Kila mbunge huchaguliwa pamoja na wasaidizi wawili wa kushika kiti chake akiondoka, na mara nyingi imelalamikiwa kwamba orodha za wasaidizi hao hujaa watoto, wake na waume wa wagombea. Tangu marekebisho ya mwaka 2011, mbunge anayeteuliwa kuwa waziri huacha kiti kwa msaidizi wake, na akifukuzwa uwaziri hurudi kukikalia.

Hayo yote ni kweli. Lakini yanastahili kuangaliwa moja baada ya jingine, maana si yote yanayodai Katiba mpya. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi, kizingiti cha kura, wasaidizi wa wabunge na kalenda ya chaguzi za komini, kwa sehemu kubwa, ni mambo ya sheria ya uchaguzi. Bunge linaweza kuyarekebisha katika kikao cha kawaida, kama lilivyofanya mwaka 2017 na tena Juni 2022. Kumchagua gavana au seneta moja kwa moja, kwa upande mwingine, kunahitaji kugusa vifungu vya Katiba vyenyewe.

Somo la Juni 1960

Lubumbashi ina sababu ya pekee ya kuogopa mabadiliko ya haraka ya kanuni za bunge. Katika mji huu huu, ulipoitwa Élisabethville, kanuni moja ya akidi ilibadilishwa na historia ikageuka.

Uchaguzi wa Mei 1960 uliipa Katanga Bunge la Jimbo lenye viti 60. Conakat ya Moïse Tshombe ilipata 25, na muungano wa Cartel ulioongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe ukapata 23. Sheria ya Msingi ambayo Ubelgiji iliiandikia Kongo ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, yaani watu 40. Cartel ilisusia kikao. Waliobaki walikuwa 37. Kanuni ilikuwa inafanya kazi iliyokusudiwa: kulazimisha pande mbili zilizokaribiana kwa nguvu zizungumze.

Mazungumzo hayakufanyika. Tarehe 15 Juni 1960 bunge la Ubelgiji, mjini Brussels, lilirekebisha sheria hiyo na kulegeza akidi. Siku iliyofuata Conakat iliunda serikali ya jimbo peke yake, Tshombe akiwa mkuu wake. Tarehe 11 Julai alitangaza kujitenga kwa Katanga. Haikuwa sababu pekee. Kampuni za madini, wanajeshi wa Ubelgiji na mpasuko wa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, vyote vilichangia. Lakini kaskazini mwa Katanga, ambako watu walikuwa wameipigia kura Cartel, wengi waliiona serikali hiyo kuwa si yao, na damu ilimwagika kwa miaka.

Tangu hapo ramani ya Katanga imekatwa na kushonwa mara kadhaa. Kujitenga kulipokwisha mwaka 1963 iligawanywa sehemu tatu. Kufikia mwisho wa 1966 Jenerali Mobutu alikuwa amekwisha kuirudisha kuwa jimbo moja. Katiba yake ya Juni 1967 iliondoa Seneti na kubakiza bunge moja, na miaka michache baadaye bunge hilo likawa chombo cha chama kimoja, MPR. Seneti ilirudi katika kipindi cha mpito kilichoanza mwaka 2003, baada ya vita, na Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005 ikaithibitisha.

Mwaka 2015 Katanga ikakatwa tena, safari hii kuwa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mgawo huo ulikuwa umeandikwa ndani ya Katiba tangu mwanzo. Bunge la Jimbo la Haut-Katanga leo hukutana katika Jengo la 30 Juni, jengo lililojengwa zamani za wakoloni kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza.

Marekebisho ya mwaka 2011

Katiba ya 2006 imekwisha kurekebishwa mara moja, na namna ilivyofanyika inafaa kukumbukwa. Sheria nambari 11/002 ya tarehe 20 Januari 2011 ilibadilisha vifungu vinane. Mazungumzo ya watu wengi yalihusu kimoja tu, kifungu cha 71, kilichofuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais miezi kumi kabla ya uchaguzi wa Novemba 2011.

Vifungu viwili vingine, cha 197 na 198, vilipita kwa kelele kidogo zaidi. Vilimpa rais wa Jamhuri uwezo wa kuvunja Bunge la Jimbo na kumwondoa gavana pale panapotokea mgogoro mkubwa wa kisiasa unaotishia utendaji wa taasisi za jimbo. Wakati macho yote yalikuwa kwenye duru ya pili, majimbo yalipoteza sehemu ya uhuru wao. Hakukuwa na kura ya maoni. Bunge la Taifa na Seneti ziliketi pamoja kama Kongamano la Bunge, na hilo lilitosha.

Njia hiyo bado ipo. Kifungu cha 218 kinasema pendekezo la kurekebisha Katiba linaweza kuletwa na rais, na serikali, na nusu ya wajumbe wa bunge lolote kati ya mawili, au na raia 100,000 walioweka saini zao. Mabunge yote mawili yakikubali kwamba kuna haja, pendekezo hupelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ila sehemu tatu kati ya tano za Kongamano zikiliunga mkono, kura ya maoni haifanyiki. Muungano wa rais una wingi mkubwa katika mabunge yote mawili tangu uchaguzi wa 2023.

Kipingamizi kipo katika kifungu cha 219: Katiba hairekebishwi wakati wa vita, wakati wa hali ya hatari au ya utawala wa kijeshi wa dharura, wala pale mabunge yanapozuiwa kukutana kwa uhuru. Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Upinzani, akiwemo Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, unasema kifungu hicho peke yake kinatosha kuufunga mjadala. Maaskofu wa Kanisa Katoliki nao wamepinga. Upande wa rais unajibu kwamba kuna tofauti kati ya kurekebisha Katiba na kuandika nyingine mpya, na kwamba mwenye neno la mwisho ni wananchi.

Upande wa mashariki kuna mfano wa karibu. Nchini Kenya, mpango wa BBI ulitaka kuongeza majimbo 70 ya uchaguzi na kubadilisha muundo wa serikali, ukipitia saini za wananchi. Mahakama Kuu iliuzuia Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, ingawa ilitengua sehemu za hukumu hizo, ilisimama kwenye jambo moja: njia ya saini ni ya raia wa kawaida, na rais hawezi kuitumia kuleta mabadiliko yake mwenyewe. Kongo, yenye njia yake ya saini 100,000, haijawahi kulazimika kujibu swali hilo.

Sheria isiyosomeka

Kabla ya kuuliza Katiba ibadilishwe vipi, kuna jambo la kuuliza kuhusu Katiba iliyopo: imetekelezwa kwa kiasi gani?

Safari ya sheria yenyewe inaeleweka. Muswada huletwa na serikali, mbunge au seneta. Hupita mabunge mawili, moja baada ya jingine, hadi yakubaliane kwa maneno yale yale. Yakitofautiana, tume ya pamoja hutafuta suluhu. Ikishindwa, Bunge la Taifa ndilo huamua. Rais ana siku 15 za kuitia saini sheria au kuirudisha ijadiliwe upya. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na Septemba 15 hadi Desemba 15.

Katika safari yote hiyo mkazi wa Kasungami hana mahali pa kuingilia. Na inapokwisha, sheria humfikia kwa Kifaransa, kama inamfikia. Hapa ndipo kifungu cha 142 kinapokuwa muhimu. Kinaiagiza serikali kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Katika mji ambao soko, kanisa na kituo cha basi huzungumza Kiswahili, agizo hilo lingekuwa badiliko kubwa kuliko marekebisho mengi yanayopendekezwa. Kuipata sheria ya ardhi, ya madini au ya kodi kwa Kiswahili katika ofisi ya komini bado si jambo la kawaida.

Kifungu cha 175 nacho kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na kwamba hukatwa papo hapo pale yanapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu maeneo yaliyogatuliwa ikaongeza kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo ni haki ya miji, komini, sekta na machifu. Ukipiga hesabu, faranga 100 za mapato hayo zingeacha faranga 40 jimboni, na 16 kati ya hizo zingeshuka hadi ngazi ya chini. Utaratibu wa kukata papo hapo haujawahi kutekelezwa kama ulivyoandikwa. Fedha hupanda Kinshasa kwanza, na kurudi kwake hutegemea Kinshasa.

Mahali pekee ambapo maeneo ya chini yamepata njia ya moja kwa moja ni kwenye mrabaha wa madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 iligawanya mrabaha huo hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lililogatuliwa ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika Haut-Katanga na Lualaba, asilimia 15 hizo zimeleta fedha ambazo komini na uchifu hazikuwahi kuziona. Zimeleta pia swali: nani anazikagua?

Sheria ya 2008 ina jibu. Baraza la komini ndilo hupitisha bajeti, hujadili matengenezo ya barabara na mifereji, masoko na usafi, na humhoji mkuu wa komini. Bila baraza linaloketi, mkuu aliyeteuliwa hupokea fedha na kuzitumia bila mtu wa kumwuliza aliyechaguliwa na watu. Ndiyo maana kuchelewa kwa mabaraza hayo si suala dogo la kalenda. Ni suala la fedha za umma.

Kinachoweza kufanywa sasa

Wakazi hawana haja ya kusubiri tume ya Katiba ili waanze. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongo haki ya kupeleka maombi kwa maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Barua yenye saini za wakazi wa Kasungami, ikiuliza bajeti ya komini na sehemu yake ya mrabaha, ni hatua ya kikatiba kamili kama hotuba yoyote inayotolewa Kinshasa.

Bunge la Jimbo linaweza kudai mabaraza ya komini yafanye kazi. Bunge la Taifa linaweza kugawa mji mkubwa kama Lubumbashi katika majimbo madogo ya uchaguzi ili mtu wa pembeni apate mbunge anayemjua. Na Seneti, inayoongozwa tangu Agosti 2024 na seneta wa Haut-Katanga, Jean-Michel Sama Lukonde, inaweza kuiuliza serikali tafsiri za Kiswahili za kifungu cha 142 ziko wapi.

Kama tume ya Katiba itaundwa na kufika Lubumbashi kukusanya maoni, swali la kwanza litakuwa la rais na mihula yake, na litajibiwa kwa sauti kubwa na pande zote. Swali la pili ni lile ambalo watu wa Annexe wanapaswa kuhakikisha linaandikwa kwenye daftari: aya ya mwisho ya kifungu cha 220, ile inayolinda madaraka ya majimbo na komini, itabaki au itaondolewa? Mwaka 1960 kanuni iliyoigusa Katanga ilibadilishwa Brussels kwa siku moja. Mwaka 2011 vifungu viwili vilivyogusa majimbo vilipita huku nchi ikibishana kuhusu kingine. Safari hii, angalau, kifungu kinajulikana kabla ya kura kupigwa.